Vyombo vya Mbao na Ushirika Wetu

Katika kuadhimisha mwaka wa kumi tangu kuandikishwa kwa Chama chetu Kikuu, Halmashauri imeniagiza niandike machache juu ya historia ya vyombo vya mbao katika delta hii ya Mto Rufiji. Huenda mwanachama akauliza: Sisi ni wakulima wa mpunga, minazi na mikorosho, vyombo vyatuhusu nini? Jawabu ni fupi. Katika vijiji vyetu vya visiwani hakuna gunia lililopata kufika kwenye mizani ya Chama pasipo kuvuka maji. Shamba letu liko nchi kavu, bali njia yake ni mto na bahari. Mkulima wa huku asiyejali chombo ni kama mtu aliyejenga ghala asiweke mlango.

Asili ya vyombo hivi ni ya kale mno. Yapata miaka elfu mbili iliyopita, mfanya biashara mmoja wa Misri aliyejua Kiyunani aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi. Ndani yake aliutaja mji wa soko wa pwani yetu ulioitwa Rhapta, akaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwa vikitumika hapo. Wataalamu wengi hudhani kwamba mji huo ulikuwa mahali fulani katika pwani ya Tanzania, na baadhi yao huutafuta karibu na midomo ya mto wetu huu. Lakini mahali penyewe hapajathibitishwa.

Vasco da Gama na Wareno wenzake walipofika Msumbiji mwaka 1498, waliona jambo lile lile: vyombo vikubwa kiasi visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake ni mkeka. Chombo cha namna hiyo wazee wetu walikiita mtepe. Mabingwa wa kuuunda mwishoni walikuwa Wabajuni wa upande wa Lamu. Kwa kuwa ulishonwa, mtepe ulikubali kupindika kidogo unapogonga mchanga au wimbi, ilhali chombo kigumu kingepasuka. Lakini maji yalipenya mishononi, na baharia wake hakupata raha ya kuacha kuyateka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtepe ulitoweka. Mwaka 2003, ulipoundwa tena huko Zanzibar ili watu wauone, ilidhihirika kwamba kuua ufundi ni kazi ya kizazi kimoja, bali kuufufua ni kazi ya wataalamu wengi na gharama nyingi. Naomba msomaji alishike neno hili, maana nitalirudia.

Vyombo vilivyosalia twavijua sote. Mdogo wao ni mtumbwi, gogo moja lililochongwa likawa na tumbo. Wa pili ni ngalawa, nayo ni gogo, aghalabu la mwembe, ila huwekewa mirengu miwili, mmoja kila ubavu, isipinduke inapobeba tanga. Kisha huja vyombo vya mbao zilizopigiliwa misumari: dau, lililochongoka mbele na nyuma, mashua, iliyokatwa nyuma, ndiyo punda wa vijiji vyetu, na jahazi, kaka yao mkubwa, achukuaye shehena mpaka Unguja na Dar es Salaam.

Historia ya delta yetu imeandikwa na vyombo vidogo kuliko vikubwa. Mwaka 1898 Serikali ya Wadachi iliifanya misitu yetu ya mikoko kuwa hifadhi, kwa kuwa iliona thamani ya boriti na magome yake. Mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kidachi Königsberg ilijificha humu mitoni, na manowari kubwa za Waingereza zikabaki nje baharini zisiweze kuifuata. Iliwapasa Waingereza kuleta manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ndipo mwezi wa Julai mwaka 1915 wakaiangamiza. Mzee wa delta hahitaji kusoma habari hiyo kitabuni ili ajue maana yake: huku asiyejua kina cha maji hana mamlaka, hata awe na mizinga.

Vivyo hivyo kwa biashara. Kila mwaka majahazi ya Arabuni yalishuka na Kaskazi, yakapakia boriti za mikoko, yakarudi na Kusi. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alifika katika delta hii ndani ya chombo cha Kuwait kilichokuja kutafuta boriti, akaiandika safari hiyo kitabuni. Boriti za namna hiyo ndizo zilizoezekea nyumba nyingi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa haba. Hivyo watu wa mbali walilala chini ya dari lililokatwa na babu zetu. Lakini faida kubwa haikubaki kwa mkata boriti aliyesimama topeni hadi magotini. Ilikwenda kwa mwenye chombo na mwenye mtaji. Hilo ni funzo la kwanza kwa mwana ushirika: anayemiliki njia ndiye anayepanga bei.

Sasa niseme juu ya uundaji. Fundi huanza na mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Mbele husimamisha hanamu na nyuma fashini. Kisha huja mbao za ubavuni na mataruma, ambayo ni mbavu. Taruma halikatwi katika mbao iliyonyoka; hutafutwa tawi au shina lililopinda lenyewe tangu kuumbwa, ili nguvu ya mti ifuate mpindo wake. Kwa kazi hiyo mlilana na mkomafi husifiwa. Fundi hodari huingia msituni akautazama mti uliosimama, akaliona taruma ndani yake kabla ya kuinua shoka. Vifaa vyake ni tezo, msumeno, keekee, randa na nyundo. Ramani yake i kichwani.

Mbao zikiisha kupigiliwa, chombo bado si chombo, kwa sababu baina ya mbao na mbao pana mwanya. Hapo huja kazi ya kukalafati: pamba iliyotiwa mafuta husokotwa, ikashindiliwa katika kila mwanya kwa chembeu na nyundo. Kisha chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Na juu hupakwa sifa, mafuta ya samaki, mbao zisipasuke kwa jua. Kazi hii haifanywi mara moja ikaisha. Chombo huombwa kupandishwa pwani, kukaushwa na kukalafatiwa tena na tena, kama vile shamba linavyoombwa kupaliliwa.

Juu ya kusafiri, nahodha hutawaliwa na saa mbili, nazo hazimo mkononi mwake. Ya kwanza ni pepo: Kaskazi tangu Desemba hata Machi, Kusi tangu Aprili hata Septemba, na katikati maleleji, ambapo upepo haujulikani utokako. Ya pili ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa sana na chombo kilichosheheni hupita mlangoni mwa mto. Wakati wa maji mafu, chombo kile kile kitakaa juu ya fungu. Ukiwa na upepo nyuma hata mtoto ataendesha. Ukipasa kubisha ndipo utakapomjua nahodha.

Nimefika katika shabaha ya maneno yangu, nayo ni milki. Vitabu vya ushirika hutufundisha kwamba katika Tanganyika ushirika wa mazao ulianza mlimani: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na umoja wao mwaka 1925, Sheria ya Vyama vya Ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU. Hayo ni kweli na yanastahili heshima. Lakini watu wa pwani nao walikuwa na mafungu kabla ya kuwa na ofisi. Desturi ya chombo ni hii: safari ikiisha, kwanza hutolewa gharama za chakula na matumizi ya safari, kisha kilichosalia hugawanywa mafungu, fungu la chombo na mafungu ya watu, na nahodha hupata zaidi ya baharia. Vipimo hutofautiana mahali na mahali, lakini asili ni moja. Hapana apataye kabla gharama hazijatolewa, na faida ikiwa ndogo huwa ndogo kwa wote.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba desturi hiyo ilikuwa ushirika kamili. Fungu la chombo lilikuwa kubwa, na mwenye chombo mara nyingi ndiye aliyekuwa mkopeshaji. Baharia alianza safari na deni akaimaliza na deni. Lililopungua lilikuwa kwamba chombo chenyewe kiwe mali ya wanaokitumia. Ndiyo sababu katika mwaka wake wa pili Chama chetu kilinunua mashua.

Hapana budi sasa nieleze kosa, nalo ni langu. Katika mwaka wa tatu wa Chama nilikuwa nimeajiriwa karibuni kuwa Katibu, kijana mwenye cheti cha sekondari na bidii nyingi ya kulinda fedha za wanachama. Mwezi wa Septemba, kabla ya msimu wa korosho, fundi wetu alikuja ofisini akataka fedha za pamba, mafuta na shahamu ili mashua ipandishwe pwani. Nilimtaka hati za bei kutoka wauzaji watatu. Akanijibu kwa upole kwamba shahamu huuzwa na mtu mmoja tu, naye hajui kuandika. Nikamwambia angoje kikao cha Halmashauri. Kikao kikaahirishwa, msimu ukaanza, na mashua ikapakia ikiwa kama ilivyo.

Novemba, usiku, karibu na mlango wa mto, mshono mmoja ulifunguka. Nahodha na mabaharia wake waliteka maji mpaka alfajiri, wakaitia mashua topeni isizame. Alhamdulillahi, hapana aliyepoteza maisha. Lakini magunia 14 ya korosho za wanachama yalilowa maji ya chumvi, na korosho ya namna hiyo haina daraja sokoni. Katika mkutano wa wanachama bibi mmoja, ambaye magunia 3 yalikuwa yake, alisimama akaniuliza: “Mwanangu, hizo karatasi tatu ulizozitaka, zingeelea?” Sikuwa na jawabu. Chama kililipa hasara hiyo katika akiba yake, nami nikaomba sehemu ya mshahara wangu ikatwe, Halmashauri ikakubali.

Sisemi haya ili kudharau hesabu. Chama kisicho na stakabadhi ni chombo kisicho na mkuku. Nasema ili tufahamu kwamba utaratibu uliotungwa mezani hauna budi kupelekwa majini ukajaribiwe. Tangu mwaka ule fedha za kalafati hutengwa katika makadirio kabla ya msimu, na fundi hutoa hati mbele ya mashahidi wawili wa chama cha msingi. Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta, sisi tulijenga.

Katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu limeletwa shauri la kuiuza mashua na kukodi boti ya faiba yenye mashine. Walioleta shauri hilo si maadui wa Chama. Wanasema kweli kwamba mashine haingoji upepo, kwamba mgonjwa au mzazi wa usiku huihitaji, na kwamba mbao nzuri zimekuwa adimu na ghali. Miti ya mikoko haikatwi pasipo kibali, na ni haki, maana msitu huo ndio ukuta wetu dhidi ya bahari na kitalu cha kamba na samaki. Lakini boti ya kukodi ina mwenyewe, na siku ya mavuno mwenyewe ndiye atakayetaja nauli. Mafuta yake hununuliwa mbali. Aidha ikipasuka, hapana katika vijiji vyetu awezaye kuiziba kama fundi anavyoiziba mashua.

Mimi ni mwajiriwa, sina kura. Lakini historia niliyoagizwa kuiandika inaniruhusu kutoa maombi matatu. La kwanza: hata tukipata mashine, chombo kiwe chetu. La pili: kila chama cha msingi kipande miti ya mbao mipakani mwa mashamba, ili mjukuu asikose ubao kwa sababu babu alikata asipande. La tatu: Chama kiwalipie vijana wachache wakae chini ya mafundi wetu, ambao sasa ni wazee. Mtepe haukufa kwa kuwa ulikuwa mbaya, bali ulikufa siku mwanafunzi wa mwisho alipokosa kuja.

Wanachama wapenzi, miaka kumi si mingi kwa chombo kilichotunzwa, na ni mingi sana kwa kilichopuuzwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Bali chombo cha ushirika kina wenyewe wengi na nahodha mmoja mliyemchagua. Tukipande basi pamoja, tukiteke maji pamoja, na tukifika bandarini tugawane kwa haki. Mwenyezi Mungu atupe pepo njema katika miaka kumi ijayo.