Theluji ya Davos, Mvua ya Kirumi

Ukimwambia mtu wa Singida aiogope mvua, atakushangaa. Mkoa una msimu mmoja tu, wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukichelewa, mtama na uwele huungulia shambani. Ndiyo maana Waihanzu wa Mkalama waliujenga hata utawala wao juu ya mvua. Katika kijiji chao cha Kirumi palikuwa na watemi wawili, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja, na kazi ya mvua haikutimia bila wote wawili. Ombi la tambiko lao lilikuwa moja: mvua ije.

Huko Uswisi, kinyume chake, mila ya milimani ilianza na hofu. Mwaka 1397 watu wa Andermatt waliandikiana hati kwamba msitu ulio juu ya kijiji usikatwe, kwa kuwa ndio unaozuia theluji isiwaporomokee. Friedrich Schiller aliichukua imani hiyo katika tamthilia yake ya Wilhelm Tell ya mwaka 1804: mtoto anamuuliza babaye kama ni kweli miti ya mlimani hutoka damu ikipigwa shoka, na baba anamweleza habari za maporomoko. Wazee wetu wenye misitu ya matambiko wangemwelewa mtoto yule mara moja. Mwiko na sababu yake vimekaa katika mazungumzo mamoja, wala kimoja hakimdhihaki mwenzake.

Wataalamu wa theluji wa Davos, hukohuko Uswisi, walikuja baadaye sana. Walijenga kituo chao Weissfluhjoch mwaka 1936, na walichokigundua ni kwamba hatari ya Desemba mara nyingi hutayarishwa Novemba. Theluji ya kwanza huwa nyembamba. Kwenye miteremko isiyopata jua, baridi huigeuza chembe kavu zisizoshikana, kama sukari. Theluji nzito ikiangukia juu yake, ukapita mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja watosha kuiachia yote. Wengi wanaofukiwa kwenye matembezi huwa wameyaanzisha maporomoko wao wenyewe, au wenzao. Kwa hiyo mwenye busara hatazami mawingu tu. Huchimba shimo, akasoma tabaka.

Sisi tulisomeshwa na Hanang, mlima wa mita 3,417 ambao msafiri wa barabara ya Singida kwenda Babati hupita chini yake. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua za msimu zikiwa changa na El Niño ikizizidishia, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa njia ya makorongo hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hao hawakwenda kutembea mlimani. Mlima uliwafuata majumbani. Basi vifaa vya wateleza kwenye theluji, koleo lao na redio za kutafutana, havitufai kitu. Kinachotufaa ni ile hati ya Andermatt.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na hufanya vyema. Lakini maneno hayo matatu yanasema habari za mbingu. Taarifa za maporomoko ya theluji za Ulaya, zenye ngazi tano za hatari, husema habari za mteremko: upande gani, kimo gani, tabaka lipi limelegea. Mwaka 2018 UNESCO iliuorodhesha ujuzi wa Uswisi na Austria wa kukabili maporomoko kuwa urithi, wa wanavijiji pamoja na wa maabara. Kwetu, tambiko hutazama juu na utabiri hutazama juu. Ardhi iliyolewa maji haina msemaji.

Halmashauri ya Hanang, na ya Iramba kwenye mteremko wa Sekenke, zisisubiri mvua inyeshe. Oktoba makorongo yangali makavu: ziwapeleke wazee wanaoyajua, pamoja na mtaalamu wa miamba, wayapande hadi juu, kisha wawaambie wananchi wasijenge wapi.