Michoro ya chuma nayo inahitaji Kiswahili sanifu

Kutoka Suna hadi Homa Bay, kazi ya chuma si jambo geni. Waluo humwita mhunzi jatheth, na mhunzi wa zamani hakuhitaji mchoro. Yeye ndiye aliyelifikiria jembe, akalifua, akalitia makali na kumkabidhi mkulima. Jembe zima lilikuwa kichwani mwake. Hata kule Lamu, mafundi wa majahazi waliunganisha mkuku na mataruma kwa jicho na mkono, bila karatasi.

Mchoro ulikuja kuhitajika pale kazi ilipogawanywa: mmoja afikirie, mwingine akate, wa tatu aunganishe, na huenda watatu hao wasionane kamwe. Ndiyo maana nashikilia kwamba mchoro wa chuma ni barua. Lugha yake ikitatanisha, chuma hukatwa vibaya.

Ziwa letu lina mfano mzuri wa kihistoria. Meli ya SS William Mackinnon iliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan mjini Paisley, Scotland, mwaka wa 1890. Vipande vyake vilifika Mombasa mwaka wa 1895, kabla ujenzi wa Reli ya Uganda haujaanza. Ilishushwa majini Kisumu mwaka wa 1900, na reli yenyewe ikafika ziwani mwishoni mwa 1901. Baadaye ikaja SS Rusinga, yenye jina la kisiwa kilichoko Homa Bay. Hiyo nayo iliundwa Paisley mwaka wa 1913, ikashushwa majini Kisumu mwaka wa 1914.

Hebu fikiria kazi hiyo. Rusinga ilifungwa kwa bolti huko Paisley, kila kipande kikatiwa namba, kisha ikafunguliwa na kusafirishwa ikiwa mamia ya vipande. Kisumu ikaunganishwa upya. Fundi wa ziwani hakuweza kumuuliza mwenzake wa Paisley, "Ndugu, hiki kinaingia wapi?" Alichokuwa nacho ni namba kwenye chuma na namba kwenye mchoro. Zikilingana, kazi inaendelea. Tundu likikosewa, aliyelitoboa yuko ng'ambo ya bahari.

Leo mafundi wa jua kali mjini Migori wanatengeneza mageti, matangi na kenchi za chuma za makanisa na madarasa. Nimeketi nao mara nyingi kusikiliza wanavyozungumza. Kazi wanaijua barabara. Shida ni kwamba kila karatasi huitwa "ramani", ilhali ziko karatasi za aina tatu. Mchoro wa mhandisi huonyesha jengo na ukubwa wa vyuma vyake. Mchoro wa karakana hueleza kipande kimoja kimoja: alama yake, idadi, urefu, mahali pa matundu na ukubwa wa mshono wa kuchomelea. Mchoro wa usimikaji huonyesha kila kipande kinasimama wapi. Anayekata chuma kwa kutazama mchoro wa mhandisi peke yake anabahatisha.

Sasa tazama neno dogo tu, "kati". Fundi akiambiwa aache milimita 60 kati ya tundu na tundu, apime kutoka wapi? Kutoka ukingo wa tundu au kitovu chake? Kwa bolti ya milimita 20, tundu huwa kama milimita 22. Mwenye kupima ukingo hadi ukingo atapata vitovu vilivyoachana kwa milimita 82, na bamba hilo halitaingiliana na mwenzake. Basi tuandike "kitovu hadi kitovu" tusiache shaka.

"Kinyume chake" nalo ni tatizo. Vipande vingi vya kenchi huja kwa jozi, kama viatu: cha kushoto si cha kulia, hata vikitoshana urefu. Ukiandika "kinyume chake", mmoja atapindua juu chini, mwingine atageuza mbele nyuma. "Jozi, kulia na kushoto" inaeleweka, na kila kimoja kipewe alama yake.

Hata namna ya kupima ni suala la uandishi. Ukitaja umbali kutoka tundu moja hadi linalofuata, kosa la milimita 1 kwa kila hatua linaweza kufika milimita 10 baada ya hatua 10. Andika vipimo vyote kutoka ncha moja, na kosa la tundu hili halitarithiwa na jingine.

Katiba ya 2010 iliweka Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ila fundi anayepokea maagizo kwa Kiswahili au Kidholuo bado hukabidhiwa mchoro wenye maelezo ya Kiingereza, halafu tunamlaumu kenchi ikipinda juu ya vichwa vya watoto. Wanaisimu hatuna budi kuingia karakana, tukusanye istilahi za mafundi, yakiwemo maneno kama bamba, kenchi na boriti ambayo tayari tunayo, tuzisanifishe pamoja nao, kisha zifundishwe katika vyuo vya kiufundi. Kwa kuanzia, kila mchoro unaoletwa karakana za Suna ubandikwe ukurasa mmoja wa maelezo ya Kiswahili, na fundi ausome kabla ya kuwasha mashine.