Kiraka Begani na Msuli Uliogeuka Mafuta

Kano nne hukizunguka kichwa cha mfupa wa mkono na kukishikilia begani. Zikikatika mbili au zaidi, au pengo likizidi sentimita 5, msuli mnene wa nje ya bega huvuta bila wa kuusawazisha, kichwa cha mfupa hupanda juu, na mgonjwa hushindwa hata kuchana nywele. Kano iliyokatika siku nyingi nayo hunywea ikarudi nyuma, isifike tena mfupani.

Hapa ndipo viraka vya kitambaa cha poliesta na polipropilini vinapovutia. Haviozi, na hushika nyuzi za mshono barabara. Utafiti wa Ciampi na wenzake wa Italia, uliochapishwa 2014, ndio unaotajwa sana: kwa wagonjwa 152, kano zilichanika tena kwa asilimia 17 walipotiwa kiraka cha polipropilini, asilimia 51 walipotiwa cha kolajeni, na asilimia 41 waliposhonwa bila kiraka. Tofauti hiyo si ndogo, ingawa wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Lakini wote hao kano zao ziliweza kuvutwa hadi mfupani. Kiraka kiliwekwa juu ya mshono kuuongezea nguvu. Kuyachukua matokeo hayo na kutetea kitambaa kinachoziba pengo pale kano isipofika ni kuruka hatua nzima ya hoja.

Kwa maoni yangu, tumebishana mno kuhusu kitambaa na kidogo mno kuhusu kilicho nyuma yake. Goutallier alionyesha mwaka 1994, kwa picha za CT, jinsi msuli wa kano iliyokatika unavyojaa mafuta, akaupanga katika madaraja kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 mafuta yanalingana na nyama. La 4 yanaizidi. Mafuta hayo kwa kawaida hayaondoki hata kano ikishonwa ikapona. Kamba mpya haimsaidii mvuvi ambaye hana tena nguvu ya kuivuta.

Kuna ugumu mwingine, na huu unawagusa hata wapinzani wa viraka. Mwaka 2004 Galatz na wenzake, Marekani, waliwapima kwa ultrasound wagonjwa 18 walioshonwa machaniko makubwa: 17 walikuwa wamechanika tena, ilhali wengi wao maumivu yalikuwa yamepungua sana. Basi kiraka kinachozuia tundu kwenye picha hakijathibitisha kuwa kimemfaa mwenye bega.

Ningekikubali kitambaa kwa mgonjwa ambaye msuli wake ungali hai na kano yake inafika ila ni dhaifu. Mzee mwenye daraja la 4 na gegedu iliyolika ana njia nyingine tangu Grammont, huko Ufaransa, alipobuni mwaka 1985 bega bandia lililogeuzwa: tufe hukaa upande wa kombe la bega, kikombe upande wa mkono, na ule msuli wa nje huinua mkono bila kuzitegemea kano zilizokatika.