Nani Alifika Kwanza? Historia Fupi ya Madhambi ya Mshambuliaji katika Mpira wa Kikapu

Pale Kamembe kuna uwanja wa saruji ambapo wanafunzi hucheza mpira wa kikapu Jumamosi, na mara nyingi wageni huvuka mto Rusizi kutoka Bukavu kuja kupimana nguvu nasi. Katika mechi moja, zikiwa zimebaki sekunde chache, mgeni mmoja alikata katikati, akaruka, akamgonga kifuani mlinzi wetu aliyekuwa amesimama chini kabisa ya kikapu. Wote wawili walianguka. Mpira uliingia. Mwamuzi akapiga filimbi, akafuta kikapu, akatupa sisi mpira: madhambi ya mshambuliaji.

Ugomvi uliofuata ulikuwa mrefu kuliko robo nzima ya mchezo. Wazee waliokuwa wakitazama walitaja jina la Kifaransa walilozoea, *passage en force*, yaani kupita kwa nguvu. Mgeni akalalamika, "Mwamuzi, huyu alikuwa ndani ya duara!" Mwamuzi akamjibu kwa upole, "Duara gani, kaka? Nionyeshe." Tukatazama chini wote. Hakukuwa na duara.

Sisi tulishinda mechi ile, lakini swali la mgeni halikunitoka. Nilipofuatilia niligundua kwamba kosa hili lina historia yake, na kwamba bila kosa hili huenda leo tusingeruhusiwa hata kudunda mpira.

James Naismith, Mkanada aliyekuwa akifundisha Springfield, Massachusetts, alibuni mchezo huu Desemba 1891. Alitafuta mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi, usio na mieleka ya futiboli ya Kimarekani. Aliona kwamba watu huangushana kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao. Basi akamkataza kukimbia. Katika kanuni zake 13, ya tatu ilimtaka mchezaji atupe mpira kutoka pale alipoudakia, na ya tano ilikataza kusukuma, kushika, kupiga kikumbo na kutega. Aliyekosa mara ya pili alitolewa nje mpaka kikapu kingine kifungwe. Kwa mpangilio huo, swali letu la Kamembe halikuwa na nafasi kubwa. Mwenye mpira amesimama, atamgongaje mtu?

Kilichoharibu mpango wake ni ujanja wa wachezaji. Mtu aliyebanwa aligundua kwamba akiuangusha mpira na kuudaka tena, hajakimbia nao. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanafunzi wa Yale walikuwa tayari wakidunda mpira kama mbinu ya kushambulia. Sasa mwenye mpira alikuwa na mwendo, na mwenye mwendo hugonga. Kanuni ziliandikwa kwa ajili ya watu waliosimama, nazo zikajikuta zinahukumu watu wanaokimbia.

Mwaka 1927 kamati ya kanuni huko Marekani iliamua kumaliza tatizo kwa mkato: mchezaji adunde mara moja tu, basi. Aliyelipigania wazo hilo zaidi alikuwa Walter Meanwell, kocha wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mtu aliyeamini katika pasi. Makocha wengine walikasirika. Phog Allen wa Kansas, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Naismith mwenyewe, aliwakusanya wakaunda chama chao mwaka huohuo, na uamuzi ukabatilishwa. Kisha, katika msimu wa 1928–29, kanuni zikaingiza kosa jipya: madhambi ya mtu anayedunda mpira na kumvaa mlinzi. Kwa maoni yangu mambo haya mawili yasisomwe kando kando. Mwenye mpira aliachiwa uhuru wa kwenda, lakini akabebeshwa wajibu wa kuangalia anakokwenda. Mashabiki wanaosema kosa hili linaua mchezo wangefaa kukumbuka kwamba mbadala uliokuwa mezani ulikuwa mkali zaidi.

Baada ya hapo mabishano yalihamia kwenye wakati. Mlinzi anayeelekea mpinzani wake, miguu yote miwili chini, ana haki na mahali pale iwapo alifika kwanza. Lakini kwanza kabla ya nini? FIBA, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1932 na ambayo kanuni zake ndizo tunazozifuata Rwanda na Kongo, inasema aliyekwisha kuruka ana haki ya kutua, kwa hiyo mlinzi hawezi kujiingiza chini yake akiwa hewani. Vyuo vikuu vya Marekani vimelisogeza jibu mara kwa mara. Kwa wanaume, mwaka 2013 walimtaka mlinzi awe amefika kabla mshambuliaji hajaanza kuinua mpira kufunga. Mwaka 2023 wakarudi nyuma zaidi: awe amefika kabla mshambuliaji hajakanyaga kwa mguu anaorukia. Kila badiliko lilimpunguzia mlinzi nafasi. Sababu si ngumu kuielewa. Walinzi walikuwa wamejifunza kwamba kukimbilia chini ya mtu anayeruka na kuanguka chali kunalipa kuliko kuzuia mpira, na namna hiyo watu huvunjika.

Duara la yule mgeni ni jibu la tatizo hilohilo. Ligi ya NBA ilichora nusu duara chini ya kikapu mwaka 1997. FIBA ilianza kulitumia Oktoba 2010, likiwa na nusu kipenyo cha mita 1.25. Vyuo vya Marekani vilifuata mwaka 2011 kwa futi tatu, wakaongeza hadi nne mwaka 2015. Mlinzi ambaye mguu wake unagusa eneo hilo hapewi madhambi ya mshambuliaji anapogongwa na mtu aliye hewani akifunga, isipokuwa huyo ametumia mikono au miguu vibaya. Kwa kanuni hiyo, kikapu cha mgeni kilikuwa halali.

Nilirudi uwanjani na kuusoma kama tunavyofundishwa kusoma hati ya zamani. Eneo la mitupo huru limechorwa pana chini na jembamba juu. FIBA ililiacha umbo hilo mwaka uleule wa 2010, likawa mstatili. Uwanja wetu basi umebaki na kanuni za jana, ilhali Kigali, tangu ukumbi ule mkubwa ufunguliwe mwaka 2019 na ligi ya Afrika ianze humo Mei 2021, kila mtoto ameliona duara kwenye televisheni. Mwamuzi alihukumu kwa mistari aliyokuwa nayo. Mgeni alicheza kwa mistari aliyokuwa nayo kichwani.

Wiki iliyofuata tulikwenda watatu na kamba, chaki na mita ya fundi seremala. Tulipima mita 1.575 kutoka mstari wa nyuma, tukapata nukta iliyo chini ya katikati ya kikapu, tukazungusha kamba. Mvua ililifuta siku ya pili. Tulichora tena, kwa rangi, asubuhi ya mechi ya marudiano, na mlinzi wetu yuleyule akawa wa kwanza kulalamika kwamba tumelichora kubwa mno.