Nadharia ya Mifumo Baada ya Uamilifu: Swali la Mahali pa Mtu

Mwaka 1951, Talcott Parsons wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha The Social System, kitabu kilichoimarisha uamilifu katika elimujamii ya Marekani. Kwa mtazamo wake, jamii ni mfumo ambao kila sehemu ina kazi ya kuutegemeza mfumo mzima, na maadili ya pamoja ndiyo yanayowaunganisha watu. Wapinzani hawakukawia. Ralf Dahrendorf mwaka 1958, na C. Wright Mills mwaka 1959, walimlaumu kwa kuyapa kisogo mamlaka na migongano.

Hata hivyo, wazo la mfumo halikufa pamoja na uamilifu. Mwaka 1967, Walter Buckley, akichota katika saibanetiki, alieleza kwamba jamii hairudii daima hali yake ya awali. Hupokea habari, na huweza kubadili umbo lake ili iendelee kuwepo.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Niklas Luhmann, mwanasheria Mjerumani aliyesoma kwa Parsons mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika Soziale Systeme (1984), aliazima kwa wanabiolojia wa Chile, Humberto Maturana na Francisco Varela, dhana ya otopoiesi, yaani mfumo kujizalisha wenyewe. Jamii, alisema, haiundwi na watu bali na mawasiliano. Mtu yumo katika mazingira yake. Sheria hutenga halali na isiyo halali. Uchumi hutazama kulipa na kutolipa. Hakuna mfumo unaosimama juu ya mingine na kuiongoza.

Jürgen Habermas, aliyejadiliana naye katika kitabu chao cha mwaka 1971, aliona hatari: nadharia hiyo yaweza kugeuka ufundi wa kuendesha jamii pasipo kuuliza kama utaratibu wake ni wa haki.

Swali hilo lilirudi kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990, Luhmann mwenyewe aliandika kuhusu mitaa ya mafukara ya Brazili, ambako kukosa nafasi katika mfumo mmoja humfungia mtu milango ya mingine: asiye na kazi wala kitambulisho hukosa pia shule na ulinzi wa sheria. Kwa Luhmann, kumweka mtu nje ya jamii kulikuwa hatua ya kinadharia tu. Kwa mafukara hao, kuwa nje ndiyo maisha yenyewe. Nadharia yoyote ya mifumo itapimwa kwa jibu litakalowahusu hao.