Fahamu Masharti ya Kuajiriwa Rubani wa Ndege za Warukaji kwa Miavuli

Rubani anayetafuta ajira ya kurusha ndege zinazobeba warukaji kwa miavuli anapaswa kuwa na leseni ya urubani wa biashara, cheti hai cha afya cha daraja la kwanza na mafunzo mahususi ya kazi hiyo.

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), mwombaji wa leseni hiyo awe na umri usiopungua miaka 18 na saa 200 za kurusha ndege, au saa 150 iwapo amesoma katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu mwenye nayo kulipwa ujira. Nchini Kenya, ambako mchezo huu hufanyika Diani, Kaunti ya Kwale, leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA). Nchini Tanzania hutolewa na TCAA. Leseni ya kigeni huhitaji kuthibitishwa na nchi iliyoisajili ndege.

Kazi hii huwavutia marubani wapya kwa kuwa huwaongezea saa, pamoja na idadi kubwa ya kupaa na kutua. Hata hivyo, si kazi nyepesi. Ndege ndogo aina ya Cessna 182, iliyoondolewa viti vya abiria, kwa kawaida hubeba warukaji wanne. Wanaposogea mlangoni, uzito huhamia nyuma huku mwendo ukiwa umepunguzwa. Rubani asiyejiandaa anaweza kukuta mabawa yamepoteza nguvu ya kuibeba ndege. Aidha, ni lazima awasiliane na waongoza ndege kabla ya warukaji kutoka.

Athari za mafunzo hafifu zilidhihirika tarehe 21 Juni 2019, ndege ya warukaji ilipoanguka mara baada ya kupaa katika uwanja wa Dillingham, Hawaii, nchini Marekani, na kuua watu wote 11 waliokuwamo. Wachunguzi wa serikali walibaini kuwa rubani aliigeuza ndege kwa nguvu kupita kiasi akiwa karibu na ardhi. Miongoni mwa mambo yaliyochangia ni uzito uliokaribia kikomo cha nyuma na rubani kutofunzwa kuimudu ndege katika hali hiyo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia saini mkataba, mwombaji anashauriwa kumwomba mwajiri kumbukumbu za matengenezo ya ndege, hesabu za uzito, uthibitisho wa bima na ratiba ya mafunzo chini ya rubani mzoefu. Ni vyema pia kufahamu iwapo malipo ni ya mwezi au ya kila safari, kwani malipo ya safari yanaweza kumshawishi rubani kuruka katika hali mbaya ya hewa. Mwajiri anayemtaka rubani kuanza kazi bila mafunzo hayo anahatarisha maisha ya wote waliomo ndegeni.