Mfereji na Jirani wa Chini: Mamba na Maji ya Katuma na Kavuu, Mkoa wa Katavi

Historia ya jamii za mifereji nchini Tanzania imezoeleka kuanzia kwenye mifongo ya Wachagga na ndiva za Wapare, ambako haki ya maji hufungamana na ukoo. Mamba, katika Mpimbwe, inadai mwanzo mwingine. Kata hii imo katika Bonde la Rukwa, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hoja ya sehemu hii ni kwamba tabia ya jamii ya wamwagiliaji wa ukanda huu haielezwi na ukoo, bali na mto wanaogawana na watu wasioonana nao.

Wapimbwe, wenyeji wa eneo hili, walitegemea kilimo cha nafaka pamoja na uwindaji, uvuvi na asali. Katika miaka ya 1970 mambo matatu yalikutana: Katavi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, sera ya vijiji ilikusanya makazi, na wafugaji wa Kisukuma walianza kuhamia bondeni wakiwa na ng'ombe. Pori lilipofungwa, shamba lilibeba mzigo zaidi, na mpunga ukapata nafasi. Kwa hiyo, wanaokutana kwenye mfereji hawana babu mmoja. Kinachowaunganisha ni kazi ya kuzibua tope, kukarabati banio na kungoja zamu. Aliye karibu na banio hujaza majaruba yake mapema. Wa mwisho hutegemea uadilifu wa wenzake.

Uhusiano huohuo hujirudia katika bonde zima. Mto Katuma hupita kwanza katika mashamba ya mpunga, kisha huingia hifadhini na kufika maziwa ya Katavi na Chada. Maji yake huendelea kwa jina la Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. Uchepushaji wa maji juu ya hifadhi umehusishwa na kupungua kwa mtiririko wakati wa kiangazi, ambapo viboko husongamana katika madimbwi ya matope. Wanaoishi chini ya hifadhi hupokea kilichobaki.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hudai kibali cha kutumia maji, na hutanguliza matumizi ya nyumbani na mahitaji ya mazingira. Mkulima, kwa upande wake, huona haki yake katika jasho la kuchimba. Madai yote mawili yana uzito. Hata hivyo, jasho humpa mtu haki mbele ya wenzake wa mfereji mmoja tu. Halimjibu jirani wa chini, ambaye hakuwapo siku ya kuchimba. Historia ya Mamba, hivyo basi, haina budi kuandikwa kuanzia upande wa huyo jirani.